Nilivyotoka kuripoti faida mpaka kuandika kuhusu menejimenti

Mimi nilianza deski la biashara sijui hata mizania inasomwaje, na kwa kweli miaka ya mwanzo nilikuwa nachukua taarifa ya kampuni naipanga vizuri natuma kwa mhariri, mapato yamepanda, faida imepanda, mkurugenzi anawashukuru wateja, basi. Sasa kuna kampuni moja nikaisifia ukurasa mzima, wiki chache baadaye simu inaita, mtunza stoo wa hukohuko, ananiambia taratibu tu, "Dada, hiyo faida uliyoiandika iko wapi? Huku mshahara hatujauona mwezi wa pili sasa." Usiku ule sikupata usingizi.

Kesho yake nikamfuata mzee mmoja pale deskini, mtu aliyeandika habari za biashara kabla sijazaliwa. Hakunigombeza. Alizichukua hesabu za mwaka za ile kampuni akazifungua kuanzia nyuma, kwenye yale maelezo ya maandishi madogo ambayo mimi nilikuwa nayaruka, akaweka kidole kwenye mstari wa wadaiwa. "Ona hapa mwanangu, mauzo yamepanda kidogo tu, ila wateja wanaodaiwa wamekaribia mara mbili. Sasa hela kaleta nani?" Akafungua mtiririko wa fedha, yaani ile taarifa ya hela iliyoingia na iliyotoka, upande wa shughuli za kila siku, hasi, hela iliyotoka ni nyingi kuliko iliyoingia. Yaani ukishamkabidhi mteja mzigo, mauzo unayaandika hata kama hajatoa senti, kwa hiyo faida inaweza kupendeza kwenye karatasi na benki hakuna kitu. Tangu siku hiyo hesabu za kampuni naanzia kwenye mtiririko wa fedha, faida naisoma mwishoni.

Ila kusoma hesabu kunakuambia hela imekwama, hakukuambii kwa nini watu wazima wenye akili wameiacha ikwame, na hilo ndilo lilinivuta kwenye menejimenti. Aliyenipa moyo ni Peter Drucker, mwandishi maarufu wa vitabu vya menejimenti, maana naye alikuwa ripota kama sisi. Alizaliwa Vienna 1909, akawa mwandishi wa gazeti Frankfurt, akaondoka Ujerumani 1933 Wanazi walipochukua madaraka, akapitia London, 1937 akahamia Marekani. Mwaka 1943 General Motors, kampuni ya magari ya huko, wakamfungulia milango akawachunguza kama mwaka na nusu hivi, anakaa kwenye vikao, anaongea na watu, kitabu kikatoka 1946. Kwangu ile ni kazi ya ripota kabisa, tofauti ni kwamba yeye hakuondoka baada ya mkutano na waandishi.

Kuna zoezi lake nililichukua likanisaidia kuliko kozi zote nilizosoma: ukifanya uamuzi mkubwa andika unategemea kitokee nini, halafu rudi usome baada ya miezi 9 mpaka 12. Mimi nikalifanyia stori zangu. Nikanunua daftari, kila nikiandika kuhusu mabadiliko kwenye kampuni naandika pembeni naona itaishia wapi na nani kanifanya nione hivyo. Niliporudi kusoma kurasa za kwanza niliumia, kwa sababu kila nilipokosea, kwenye "nani" palikuwa na bosi peke yake.

Nikaanza kuomba nusu saa na msimamizi wa zamu, dereva, mtu wa stoo, na swali langu la kwanza likawa lilelile, "Ukihitaji kitu kidogo kazi iendelee, unasubiri saini za watu wangapi?" Fundi mmoja alihesabu kwa vidole akafika saba, kwa ajili ya mkanda wa mashine, na mashine imesimama pale nyuma yake anaionyesha kwa mkono, wakati saa moja kabla mkurugenzi wake alikuwa ananieleza ghorofani jinsi walivyowapa watu wa chini mamlaka ya kuamua.

Safu yangu ya kwanza ya menejimenti ilikuwa hizo saini saba tu. Mhariri aliniuliza, "Nadharia iko wapi?" nikamwambia isome kwanza, akaipitisha bila kukata neno.

Daftari la sasa ni la nne. Juzi nimeandika kuhusu kampuni inayoondoa wasimamizi wa kati wote kwa mpigo, nimeweka kwamba maamuzi yatachelewa zaidi maana yote yatapanda kwa mtu mmoja, walionifanya nione hivyo ni watatu wa zamu ya usiku, na tarehe ya kurudi kuisoma nimeshaiweka.