Athi Kwanza: Jinsi Tunavyounga Gari Letu na Umeme wa Kambi

Nilifundisha fizikia ya sekondari kwa miaka mingi hapa Dodoma, na tangu nilipostaafu mimi na mume wangu tunasafiri kwa Coaster tuliyoigeuza kuwa nyumba ndogo yenye vitanda viwili, friji, meza ya kukunja na soketi nne za umeme. Jioni moja ya mwezi wa Oktoba tuliingia katika kambi moja upande wa Kondoa, ardhi ikiwa imekauka hadi ikapasuka, na kijana mlinzi akatuonyesha soketi iliyofungwa kwenye nguzo ya mbao.

“Shikamoo mama. Umeme upo, chomeka tu.”

Nikachomeka, nami nikawasha birika la umeme ili tunywe chai. Mume wangu alikuwa ameshuka kunawa miguu. Alipotaka kurudi ndani alishika mpini wa mlango kwa mkono uliolowa, akiwa peku juu ya udongo wenye maji, na niliuona mkono wake ukirushwa nyuma kana kwamba umechapwa, ndoo ikapinduka. Alibaki amekaa chini akiushika mkono, hawezi kusema. Namshukuru Mungu kwamba alirushwa badala ya kunaswa.

Asubuhi fundi alipofungua ile soketi tulikuta tundu la athi, yaani la waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, halikuwa na waya wowote nyuma yake. Upande wetu nako kulikuwa na hitilafu: koili ya birika ilikuwa imepasuka na kuvujisha umeme kwenye waya wa athi wa gari, ambao umeungwa na bodi lote. Kwa kuwa athi ya gari haikuwa na pa kwenda, bodi zima lilipanda volti. Mimi niliyekuwa ndani sikuhisi chochote, kwa sababu kila nilichogusa kilikuwa na volti ileile, kama ndege aliyetua kwenye waya mmoja. Mume wangu ndiye aliyekuwa na mguu mmoja kwenye ardhi na mkono mmoja kwenye gari. Hapa ndipo gari linapotofautiana na nyumba. Ukuta wa tofali haubebi umeme kama bati, lakini gari ni sanduku la chuma lililosimama juu ya mpira, na anayepanda au kushuka huwa daraja kati ya chuma hicho na ardhi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitafuta kambini ni athi, hata kabla ya kuuliza kama umeme upo. Katika ukanda wetu wa kati, athi yenyewe inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Mvua zetu huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili, na miezi inayobaki udongo ni mchanga mkavu, mara nyingi juu ya mwamba. Fimbo ya shaba ambayo waya wa athi huungwa nayo, ikichimbiwa kwenye udongo wa namna hiyo, inaweza kuwapo kwa macho na isiwe na kazi kubwa. Tuseme ukinzani wake na ardhi, yaani ugumu wa umeme kupita, ni ohmu 200. Umeme wetu ni wa volti 230, na ukigawanya utaona kwamba hata waya wa moto ukigusa bodi moja kwa moja, ampea zitakazopita kwenda ardhini ni 1.15 tu. Breka ya ampea 16, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, haiwezi kushtuka kwa kiasi hicho, hivyo itaendelea kulisha hitilafu usiku kucha. Wenye kambi wanaojali humwagilia maji eneo la fimbo wakati wa kiangazi, au huiongezea fimbo nyingine, na nikikuta udongo wa pale umelowa huwa nafarijika sana.

Kinachoziba pengo hilo ni RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na kukata mara moja kikiona umepungua. Cha kulinda watu ni cha milliampea 30, yaani ampea 0.03, na kwa kiwango hicho hata athi dhaifu ya ohmu 200 inatosha kukifanya kikate. Baada ya tukio lile tulifunga cha kwetu ndani ya gari, kwa sababu huwezi kujua kama cha kambi kipo au kimekufa, na kila tunaposafiri nabonyeza kitufe chake cha kujaribia. Lakini RCD haiondoi haja ya athi. Ikiwapo athi, kifaa hukata hitilafu inapotokea, kabla mtu hajagusa kitu. Isipokuwapo, kitangoja mpaka umeme upite kwenye mwili wa mtu ndipo kikate.

Maduka ya vifaa vya umeme huuza tesita ya kuchomeka yenye taa tatu, ambayo huonyesha kama waya wa moto na nyutro zimebadilishana, na kama athi ipo. Nunueni. Hata hivyo, haiwezi kukwambia athi ni nzuri kiasi gani, wala haigundui hila moja ninayoichukia kuliko zote: fundi anayeunganisha tundu la athi na nyutro ndani ya soketi ili taa ziwake vizuri. Siku waya wa nyutro utakapokatika nyuma ya soketi hiyo, bodi la gari litapata umeme kupitia kwenye vyombo vilivyowashwa, na RCD ya ndani ya gari haina uwezo wa kuukata waya wa athi. Ndiyo maana nina mita ya kupimia volti pia. Nikishachomeka, huku nimevaa viatu vikavu vya mpira na kila mtu akiwa mbali na gari, naweka ncha moja ya mita kwenye chuma cha gari na nyingine kwenye msumari mrefu niliouchomeka kwenye udongo nilioulowesha. Namba ikiwa karibu na sifuri, naendelea. Ikipanda hata makumi ya volti, nachomoa na kumwita mwenye kambi. Narudia kipimo hicho baada ya kuwasha vyombo, kwa kuwa hitilafu ya birika letu isingeonekana likiwa limezimwa.

Waya wetu una nyaya tatu za milimita za mraba 2.5 na urefu wa mita 25, nasi huukunjua wote hata kama nguzo iko hatua tano, kwa sababu waya uliobaki kwenye gurudumu lake la kukunjia hupata joto lisilo na pa kutokea na ganda huyeyuka. Mahali pa maungio hatupalazi chini, tunapafunga juu ya udongo.

Miongozo mingi iliyoko intaneti imeandikwa kwa ajili ya Marekani, ambako soketi ya kawaida ya kambi ni ya ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Namba hizo zisihamishiwe kwetu. Soketi ya bluu ya kambi ya ampea 16 kwa volti 230 inatoa wati 3,680, karibu sawasawa, ila plagi yetu ya kawaida ya pini tatu bapa inaishia ampea 13. Birika la wati 2,000 peke yake linakula karibu ampea 9, basi jiko la umeme lisubiri chai iive. Na gari lililoagizwa kutoka Marekani lisichomekwe hapa bila transfoma inayolifaa, kwani vyombo vyake vya volti 120 vitaungua.

Umeme ukikatika, nazima breka ya gari na kungoja dakika kadhaa baada ya kurudi, kwa sababu volti hupandapanda mwanzoni na ndizo zinazoua friji.

Mpangilio wa kuunga ni huu: breka ya gari imezimwa, waya unaanza kwenye gari, ndipo unakwenda kwenye nguzo. Asubuhi ya kuondoka tunaugeuza. Mume wangu huzima vyombo na breka, mimi nachomoa kwenye nguzo kwanza, nampigia kelele kwamba waya umekufa, naye ndipo anapochomoa upande wa gari, akiwa amevaa viatu.