Ningepewa kura bwenini
Jana usingizi uliniruka nikisoma habari za A. S. Neill, mwalimu wa Uskoti aliyeanzisha shule ya bweni ya Summerhill mwaka 1921. Ilianzia Ujerumani, karibu na Dresden, ikahamia Uingereza. Tangu 1927 iko Leiston, Suffolk. Pale mtoto halazimishwi kuingia darasani. Na kwenye mkutano wa shule, kura ya mtoto wa miaka sita ilikuwa na uzito sawa na ya Neill mwenyewe! Mimi bwenini nilikula viboko vinne kwa kuuliza tu mbona maharage yanaelea wadudu. Nimemsimulia mke wangu, kacheka mpaka machozi: "Wewe ungepiga kura ya pilau kila siku." Kweli, na kengele ya alfajiri ningeifuta.