Juu ya Shimo la Kumi na Nane

Julai 2019 nilipata kibarua cha kuokota taka kwenye mashindano ya gofu ya The Open, mjini Portrush, kule juu kabisa ufukweni mwa Ireland ya Kaskazini. Wakala aliahidi siku tisa za kazi, malazi Coleraine, na reflekta ya manjano ambayo ningeweza kuivaa na mtu mwingine ndani yake. Nilikubali kabla hajataja mshahara. Wenzangu pale Belfast walidhani nimebanwa na kodi ya nyumba, na kweli nilikuwa nimebanwa, lakini si hilo lililonikimbiza. Mimi nimekulia ukedi, kazi ya kubeba mabegi ya wachezaji gofu. Kila likizo ya shule nilikuwa na begi la mtu begani.

Uwanja wetu kule nyumbani Kenya una mashimo tisa; ukitaka kumi na nane unazunguka mara mbili. Upande mmoja mashamba ya chai, upande wa pili ng'ombe wa majirani ambao hawajawahi kuheshimu grini ya mtu, zile nyasi fupi penye shimo. Kaka yangu alinitangulia kubeba mabegi na leo ndiye kedimasta, msimamizi wa makedi, pale. Mwaka mmoja, mimi nikiwa darasa la saba, tuliambiwa wageni wanakuja kutoka Nairobi kukagua kama uwanja wetu unaweza kupewa mashindano makubwa. Wiki mbili hatukulala vizuri. Tulifyeka, tulipaka vigingi chokaa, tukachekecha mchanga wa mabanka, yale mashimo ya mchanga ya kutegea mpira, kwa chekecheo la unga tulilomwazima mama bila kumwambia. Kaka alipiga magoti kwenye grini ya shimo la nne akang'oa magugu moja moja kwa kucha.

Wageni walikuwa watatu. Hawakufika hata shimo la pili. Walisimama langoni wakaitazama barabara ya udongo, wakaangalia kiwanja cha kuegeshea magari, ambacho kilikuwa kivuli cha miti miwili, kisha mmoja akamuuliza katibu, "Vyoo mnavyo vingapi?" Viwili. Akaandika. Wakanywa chai, wakaondoka. Kaka ana hasira nao mpaka leo, na mimi nilikuwa nazo pia mpaka nilipofika Portrush.

Msimamizi wetu wa taka alikuwa mzee wa hapo hapo mjini, mstaafu, mwembamba kama fimbo, amecheza kwenye uwanja ule tangu utotoni. Nilimwita Mzee kwa mazoea tu. Siku mbili za mwanzo alidhani namtukana. Nilipomweleza maana yake akaipenda, akaanza kujitambulisha hivyo kwa wengine. Asubuhi ya kwanza alitupanga katikati ya kile walichokiita kijiji cha watazamaji: mahema makubwa ya vyakula, duka la kofia na sweta refu kuliko soko la mji wetu, skrini, na safu za vyoo vya plastiki zisizo na mwisho. Akanigusa na mwavuli wake.

"Unajua umesimama wapi?"

Nikasema kwenye hema la bia.

"Umesimama kwenye shimo la kumi na nane."

Nilidhani ananitania, kwa sababu shimo la kumi na nane nililiona kwa macho yangu, kule ng'ambo, limezungukwa na majukwaa. Kumbe lile ni jipya kwa namba tu. Zamani lilikuwa la kumi na sita. Mashimo mawili ya mwisho ya Royal Portrush, la 17 na la 18 la zamani, yalikuwa kwenye ardhi tambarare karibu na jengo la klabu na barabara. Hayakuwa mazuri sana, Mzee mwenyewe alikiri, lakini yalikuwa ya kwao. Yalifutwa. Badala yake yakajengwa mawili mapya, la 7 na la 8, ndani ya matuta ya mchanga kwenye ardhi iliyomegwa kutoka uwanja wao wa pili, ule wa bondeni. Hata banka kubwa la shimo la 17, ambalo wenyeji waliliita Big Nellie, lilitengenezewa pacha wake kwenye shimo jipya la saba, kama mtu anayehama na picha ya marehemu ukutani.

Yote hayo ni kwa sababu ya mahema.

The Open huzungushwa kwenye viwanja vichache vya pwani vya Scotland na Uingereza, na wanaochagua ni waandaaji wake, R&A wa St Andrews. Portrush iliwahi kupewa mara moja tu, mwaka 1951, akashinda Max Faulkner. Kabla ya hapo mashindano yalikuwa hayajawahi kutoka nje ya kile kisiwa kikubwa cha Uingereza na Scotland. Halafu kimya cha miaka 68. Sehemu ya kimya hicho wenyeji hawapendi kuieleza kwa mgeni: miaka ya mabomu na vizuizi barabarani, nani angeleta dunia nzima hapo? Amani ilitiwa saini 1998. Baadaye vijana wa huko wakaanza kushinda kwa mpigo: Graeme McDowell, mtoto wa Portrush, alichukua US Open 2010, Rory McIlroy akaichukua 2011, mwezi uliofuata Darren Clarke akachukua The Open yenyewe. Watu wakaanza kuuliza kwa sauti kwa nini mabingwa watoke hapa na mashindano yasije hapa.

Lakini Mzee alisema vikombe havikutosha. Kilichofungua mlango ni Irish Open ya 2012, iliyochezwa Portrush, tiketi zikaisha na watu wakajaa kupita ilivyotarajiwa. "Walikuja kuhesabu vichwa," alisema. Na baada ya vichwa, nafasi. Uwanja uliochorwa na Harry Colt hakuna aliyekuwa na shaka nao. Shaka ilikuwa watu watakaa wapi, watashuka wapi kwenye treni, wataenda haja wapi.

Hapo nikawakumbuka wale wageni watatu. Jioni nilimtumia kaka picha. Alikuwa ameniomba picha za grini. Nikamtumia ya vyoo, safu nzima, milango ya bluu imefunguka kama midomo ya vifaranga. Akajibu kwa neno moja tu: "Vingapi?"

Kwenye kundi letu kulikuwa na dada mmoja wa Bukavu, mcheshi, asiyejua chochote kuhusu gofu na asiyetaka kujua. Tulielewana kwa Kiswahili chake na changu, vikikutana katikati. Mchana tulikaa nyuma ya jenereta na chai ya Mzee ya chupa, mimi nikitafsiri. Mzee alipenda kusimulia viwanja vilivyoanguka kwenye orodha kama wazee wa kwetu wanavyosimulia koo zilizopotea. Alianza na Prestwick, ambako The Open ilizaliwa mwaka 1860: wachezaji wanane, uwanja wa mashimo kumi na mawili, wakazunguka mara tatu. Ukaandaa mashindano hayo mara 24. Mara ya mwisho ilikuwa 1925, umati uliingia mpaka miguuni mwa wachezaji, na haukuitwa tena. Nilimwona dada ananisikiliza vizuri kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nikaomba kingine.

Mzee akaleta Muirfield. Klabu ya kifahari huko Scotland, isiyokuwa na mwanachama mwanamke. Mei 2016 walipiga kura kuwakubali. Ilihitajika theluthi mbili, wakapata asilimia 64. R&A haikusubiri kesho. Siku hiyo hiyo ilitangaza kwamba haitapeleka mashindano kwenye klabu isiyopokea wanawake. Machi 2017 wakapiga kura tena, safari hii kura zikatosha, na wakarudishwa.

Dada wa Bukavu alipuliza chai yake. "Ah, basi balihesabu choo ya wanamuke, bakakuta hakuna."

Nilipomtafsiria Mzee alicheka hadi akakohoa, na kuanzia siku hiyo dada alipewa kazi za ndani ya mahema, mvua isimguse. Nilipouliza kuhusu Turnberry, ambako The Open ilichezwa mara ya mwisho 2009 na ambako Donald Trump alinunua mwaka 2014, Mzee alitazama angani, akafunga chupa ya chai na kusema mapumziko yamekwisha.

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano asubuhi, Darren Clarke alipiga mpira wa kwanza. Sikuuona, nilikuwa nabadilisha mifuko. Lakini saa nne nilijipangia kazi nyuma ya jukwaa la shimo la kwanza, maana McIlroy alikuwa anaanza, na huyo ni mtoto wa nchi. Akiwa na miaka 16 aliwahi kuzunguka uwanja huu kwa mikwaju 61. Kelele za kumkaribisha zilitikisa vyuma vya jukwaa. Kisha kimya, ule mlio mkavu wa chuma, na baada yake mguno wa maelfu ya watu, mguno wa mtu aliyedondosha sahani ya harusi. Mpira ulikwenda kushoto, ukampiga mtazamaji, ukavunja simu yake, ukatua nje ya mipaka. Kwenye shimo lile pande zote mbili ni nje ya mipaka. Alitumia mikwaju minane mahali pa minne. Siku hiyo akamaliza na 79, Ijumaa akapigana akapata 65, akashindwa kuvuka mchujo wa kuendelea Jumamosi kwa mkwaju mmoja.

Mzee aliinama kuokota kikombe kama vile hakusikia. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba uzio wa shimo la kwanza hakuna aliyeomba uhamishwe.

Jumamosi nilitoroka dakika ishirini kwenda kuona shimo la 16, wanaloliita Calamity. Ni la mikwaju mitatu, karibu mita 215 kutoka tii, pale pa kupigia mpira wa kwanza, hadi grini, na kulia kwake kuna korongo ambalo ukiliangalia kutoka juu unajisikia kurudi nyuma hatua moja. Kedi yeyote angejua la kufanya: mwambie bosi wako apige kushoto. Ndivyo alivyofanya Bobby Locke 1951, alilenga kibonde cha kushoto kila siku bila aibu, na kibonde kile kina jina lake hadi sasa. Nilisimama pale na koleo la kuokotea taka mkononi, nikichagua fimbo kichwani. Hakuna aliyeniuliza.

Siku hiyo Shane Lowry alipiga 63. Jumapili mvua ilikuja ya pembeni, upepo ukigeuza miavuli, wakaanza mapema kuikwepa na haikukwepeka. Gambuti zangu zilijaa maji saa tano. Lowry alishinda kwa mikwaju sita, na watu waliimba wakiwa wamelowa hadi mifupani, Wakatoliki na Waprotestanti kwenye tope moja wakimwimbia mtu wa upande wa kusini wa mpaka. Idadi iliyotangazwa kwa wiki nzima ni watu 237,750; hadi wakati huo, nje ya St Andrews ilikuwa haijawahi kufikiwa. Mzee aliisikia kwenye redio yake akasema watarudi. Walirudi 2025.

Jumatatu tulibaki sisi na malori. Walipoinua sakafu ya hema la bia, nyasi chini zilikuwa za manjano, miraba kwa miraba, na harufu ya pombe iliyochacha. Mzee alikwenda hadi pembe ya jengo la klabu, akageuka, akaanza kurudi akihesabu hatua kwa midomo. Alipita katikati ya vijana waliobeba mbao, wakamkwepa. Akasimama, akasogea kidogo kushoto, akakanyaga mara mbili.

"Hapa."

Hakukuwa na kitu. Akaniashiria nije na koleo langu, nikalisimamisha pale alipokanyaga kama bendera ya shimo, nikalishika kwa mkono ulionyooka. Yeye akarudi hatua kama saba, akaweka kifuniko cha chupa kwenye nyasi, akageuza mwavuli. Alikagua mteremko, aliinama upande huu na ule, muda mrefu kuliko Lowry. Dada wa Bukavu aliacha kufunga mfuko akatazama.

Akapiga. Kifuniko kiliruka, kikaviringika kwa ukingo wake, kikayumba. Niling'oa bendera mapema, kama kaka alivyonifundisha, nikasogea kando ili kivuli changu kisikatize njia yake. Nyuma yetu lori lililobeba vyoo likapiga honi. Tukalipisha.