Wenzio wanakula tu

Leo Jumapili, Junior kalala, Baba Junior bado yuko safari, na mi nimekaa hapa toka saa mbili nataka kuandika wiki ilivyoenda maana yamekuwa mengi, barua ya posa ya mdogo wangu imepokelewa kwa baba mkubwa kule Temeke na mkataba wangu kazini umeongezwa miaka miwili, ntayaandika siku nyingine. Kila nikianza kuandika naisikia ile sauti. "Dada, mbona wenzio wanakula tu."

Ilikuwa Jumanne. Junior kapata 41 kati ya 50 kwenye hesabu, yaani hesabu, mnajua tulikotoka na hesabu, kwa hiyo jioni nikampeleka palepale tunapoendaga, kwenye kuku na chips karibu na Mwenge, jina siliandiki. Wale wa muda mrefu hapa mnajua nilivyokuwa napapenda. Ndo nilipompeleka mama alivyokuja mjini mara ya kwanza akaogopa kukalia viti kwa jinsi vilivyokuwa vinang'aa, mpaka yule kijana wa mlangoni akamvutia kiti akamwambia karibu bibi, jisikie nyumbani. Mama anaisimulia mpaka leo.

Safari hii mlangoni hakuna mtu. Tumeingia, karibu kila meza ina mabaki, mifupa, tishu zilizolowa soda, tomato iliyokauka ukingoni mpaka imekuwa nyeusi. Na wala hapakuwa pamejaa, niliwahesabu watu, walikuwa tisa. Nikachagua ya dirishani maana angalau haikuwa na mifupa, nikaweka kiwiko, kikanata.

Nikamwita binti, mdogo wangu samahani, naomba utufutie meza. Akaja bila shida, ana kitambaa begani. Akaanza na kiti cha Junior kwa sababu mtoto aliyetoka hapo alikuwa amepanda na viatu, akafuta tope lote, afu kitambaa kilekile, upande uleule, akakipitisha mezani. Harufu yake mnaijua, ya kitambaa kilicholala na maji. Nikamwambia kwa upole kabisa, Mungu ananiona, "Mdogo wangu, hicho si ndo umefutia kiti?"

Akaniangalia. Hakukasirika, na hapo ndo panaponiuma, angekasirika ningejua tumekwaruzana yakaisha. Akasema tu, "Dada, mbona wenzio wanakula tu," akaenda zake kaunta.

Nikageuka kuwaangalia hao wenzangu. Walikuwa wanakula kweli. Baba mmoja wa shati la ofisi amesogeza mifupa ya mtu mwingine kwa mkono ili trei lake lipate nafasi. Wanafunzi wawili wanachovya chips. Mama mmoja ana mtoto mapajani, mtoto anaokota chips zilizoanguka mezani anatia mdomoni na mama yuko kwenye simu. Hakuna aliyekunja uso.

Na mi nikakaa nikala. Nilitoa tishu zangu kwenye pochi nikafuta tena, nikamwagia maji ya kunywa nikafuta mara ya pili, afu tukala, shilingi elfu ishirini na nne yangu imelala hapo, mtoto nimemwahidi, ningemwambia nini.

Toka siku hiyo nimeigeuza ile sentensi kila namna. Jumatano kwenye daladala niliisikia kama dharau, unajifanya nani wewe, umetoka Ulaya? Nikatunga majibu mpaka nikapitiliza kituo. Alhamisi usiku niliisikia kama swali, kwamba binti ananiuliza kwa dhati kabisa mbona wengine hawasemi, na kama hawasemi yeye angejuaje kwamba ni vibaya? Ijumaa nikaona ni yote mawili. Mpaka sasa sijapata jibu ambalo ningeweza kumpa palepale bila kuonekana najisikia.

Kitu kingine ni sinki. Nilimpeleka Junior kunawa kabla ya kula, koki inazunguka haitoi kitu, chupa ya sabuni imejazwa maji. Mwaka 2020 mji huu kila mlango ulikuwa na ndoo ya koki na sabuni, hata yule muuza mihogo wa pale kituoni alikuwa nayo, ulikuwa huhudumiwi hujanawa. Zile ndoo zimeenda wapi? Mikono yetu ni ileile na kuku tunamla kwa mikono.

Labda inaniuma zaidi kwa sababu mi nilikaanga chips. Miaka miwili, Sinza, niliwahi kusimulia hapa. Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia Dar nilikuwa pale, Kinondoni hiihii ndo ilianza kupigwa, wauza vyakula barabarani wakafukuzwa, wateja wakawa wanatuangalia mikono kabla ya kutuangalia usoni. Yule mama bosi wetu hakuwa na elimu kubwa lakini alikuwa na vitambaa viwili, chekundu cha viti na cheupe cha meza, na ole wako uvichanganye. Cheupe kinachemshwa kila usiku na kinaanikwa mpaka kikauke, alikuwa anasema kitambaa kibichi kinatembeza ugonjwa toka meza hii mpaka ile kama mbeba barua. Mafuta yakianza kutoa povu na moshi kabla hata viazi havijaingia, yanamwagwa, hata kama ni saa nane mchana na foleni ipo. Bwana afya alikuwa akija anachomeka kipimajoto ndani ya nyama, chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, hapo katikati ndo vijidudu vinapozaliana. Jumanne kuku wa kwenye lile kabati la kioo niliwagusa nilivyoletewa, walikuwa vuguvugu, ile taa ya njano inawapa rangi tu.

Yote haya tuliyafanya kwenye kibanda cha mabati. Hakikuwa na kiyoyozi, hakikuwa na picha za kuku ukutani.

Sasa jana. Junior alisahau chupa yake ya maji pale, ile ya bluu aliyopewa na shangazi yake, na amelia siku tatu. Jumamosi saa tatu asubuhi nikapita nikijua haipo. Mlango wa mbele umefungwa nikazungukia nyuma, nikamkuta yule binti, ndoo mbili za lita ishirini, anavuta maji kutoka jengo la jirani, kanga kiunoni, jasho mpaka kidevuni. Aliponiona alitua ndoo. Nilidhani hatanikumbuka. Akasema, "Dada wa meza ya dirishani, shikamoo," afu kabla sijaitika vizuri akaingia ndani akarudi na chupa ya bluu. "Nimeiosha, ilikuwa na soda kwa ndani, nikasema mtoto asije akanywea."

Nilishindwa kuongea. Ameiosha kwa maji anayoyabeba kichwani.

Tukasimama pale kidogo. Maji hawana toka Jumapili iliyopita, pampu imekufa, tajiri anasema inatengenezwa. Zamani walikuwa wanne sakafuni sasa wamebaki wawili, na huyo mwenzie ndo anayefungia oda za bodaboda, na oda za boda zinatangulia kwa sababu zikichelewa wanakatwa. Yeye anaingia saa moja asubuhi anatoka saa nne usiku. Kitambaa? Sikukiuliza, alikitaja mwenyewe. "Vipo vitatu tu dada, viwili vya jikoni." Akasema kama mtu anayekuambia jina la mtaa anaoishi.

Nikataka kumwambia habari ya chekundu na cheupe. Nikaona aibu, nimshauri mtu achemshe kitambaa na maji ameyabeba mwenyewe? Nilimpa elfu tano akakataa, nikamwambia ni ya Junior akapokea. Njia nzima nilikuwa nimeikumbatia ile chupa na roho yangu nyepesi, sijui nisemeje, nyepesi kabisa, nikamnunulia Junior na embe.

Lakini usiku nikaanza tena. Maana meza bado inanata. Yule mtoto aliyekuwa anaokota chips bado ameokota. Binti ni mtu mzuri na kitambaa ni kichafu, vyote viwili ni kweli, na mwenye pesa ya kununua vitambaa hata sura simjui. Nikimpigia meneja, namba ipo kwenye risiti, najua atakayeitwa ofisini ni nani. Nikinyamaza nimekuwa mmoja wa wale wenzangu. Nimeandika ujumbe kwa meneja mara tatu, nimeandika habari ya pampu na sinki na idadi ya wafanyakazi, ya kitambaa nimeitoa, nikairudisha, nikaitoa. Upo hapa kwenye simu. Sijautuma.

Jamani na kitu kingine, baba hapokei simu toka jana mchana. Kwenye posa hakuja kwa sababu ya goti, hilo tulilijua, lakini mama nikimpigia anasema amelala, asubuhi amelala, saa kumi amelala, na baba yangu hajawahi kulala mchana maisha yake yote. Nikasema mpelekee simu hapohapo kitandani nisikie hata anakohoa, mama akasema mtandao wa Korogwe unasumbua, akakata. Ntapiga tena saa kumi na mbili asubuhi kabla sijaingia kazini.