Mikate ya nyama iliyoumuka kwa uraka

Hamira niliiua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mama aliniagiza niiloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Birika lilikuwa ndiyo kwanza limetoka motoni. Nikamimina, nikatia kijiko cha sukari, nikafunika bakuli kwa sahani, nikakimbilia nje kucheza.

Hiyo ilikuwa Newala, jioni ya tarehe 24 Desemba 1996. Mikate ya nyama haikuwa chakula cha kwetu. Mama alifundishwa na jirani yetu, ambaye sisi watoto tulimwita Mama wa Lindi kwa sababu huko ndiko alikotoka kumfuata mumewe, karani wa ghala la korosho. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo. Idi sahani zilitoka kwake kuja kwetu, Krismasi zilitoka kwetu kwenda kwake. Mwaka ule mama alitaka mwalimu wake aonje, akiri kwamba mwanafunzi ameiva.

Nyama alianza nayo mchana. Kilo moja ya steki, hakuna mashine ya kusagia, aliikatakata kwa kisu juu ya ubao hadi mkono ukafa ganzi. Hadi leo naona nyama ya kisu ni bora. Ya mashine inakuwa kama uji. Akaikaanga na kitunguu saumu, tangawizi, binzari na pilipili, maji yakakauka kabisa, ndimu akaikamulia mwisho. Nyama ikibaki na maji, mkate unapasuka chini.

Unga aliukanda kwa hamira yangu. Ulikandika vizuri tu, ukawa laini, haukunata. Hamira iliyokufa haijitangazi. Saa mbili baadaye mama alifunua beseni na kukuta donge limelala vilevile. Akalibonyeza kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Akanigeukia.

"Maji yalikuwaje?"

"Ya moto moto, mama."

Hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda akatazama chemli. Duka lililouza hamira lilikuwa limefungwa, na kwa Mama wa Lindi hakutaka kwenda. Atamwambiaje?

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyeinuka. Alikuwa na ndoo ya uraka nyuma ya mlango, pombe ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, ya mwisho mwisho wa msimu, aliyoyakamua siku mbili kabla. Ukitega sikio uliusikia ukitoa vipovu. Akachota kikombe, akauchuja kwa kitambaa, akaukoroga na unga mkavu kwenye bakuli.

"Huu unachemka bila moto," alisema. "Unga ni kitu gani?"

Mama akasema hatujawahi. Bibi akasema hata uraka wenyewe kuna siku ulikuwa haujawahi. Walipoona bakuli linaanza kutoa povu walilikanda pamoja na lile donge, wakaongeza unga, wakafunika kwa kanga na kulala. Mimi sikulala. Niliamka mara tatu usiku kwenda kupapasa kanga, na mara ya tatu ilikuwa imevimba.

Asubuhi tulifinyanga. Kidonge saizi ya limau, unakibapa kiganjani, pembeni chembamba na katikati kinene, unatia nyama, unakusanya kingo na kuzibana, mshono unaulaza chini. Vikaingia kwenye sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga, bati juu, na bibi akapalia makaa juu ya bati. Harufu iliyotoka haikuwa ya mikate ya Mama wa Lindi. Ilikuwa na uchachu kidogo, na kwa mbali bibo lililoiva. Mjomba alirudi kanisani akala minne akiwa amesimama.

Mama alikuwa ameshapanga sita kwenye sahani na kuifunika kawa. Bibi akaishika ile sahani.

"Hii haiendi. Ina pombe."

"Si imeungua yote motoni?"

"Hilo aamue yeye mwenye dini yake. Mtoto akamweleze."

Kwa hiyo nilitumwa mikono mitupu. Nikabisha hodi, nikasema shikamoo, nikamweleza yote nikitazama vidole vya miguu yangu: birika, donge, uraka, na kwamba ndiyo maana mwaka huu hakuna sahani. Mama wa Lindi alicheka hadi akashika kizingiti. Akasema bibi yangu ni muungwana. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la hamira ambalo halijafunguliwa, aliloweka akiba kwa ajili ya Ramadhani iliyokuwa wiki mbili mbele.

"Sasa ukuta huu mmoja," alisema, "mlishindwa kugonga?"

Nililipeleka kopo nyumbani. Mama aliliona, akaendelea kuosha sufuria.