Saa ya Mkunazini na Kisu cha Jirani

Kila nifikapo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, husimama kuutazama mnara wa Kanisa Kuu la Anglikana. Soko la watumwa lililokuwapo hapo lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na tajiri wa Kihindu, na saa ya mnarani, kama inavyosimuliwa, ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash, Mwislamu. Sisemi kwamba historia hiyo ni tamu, kwa kuwa walionufaika na biashara ile walikuwa wa dini zote, wakiwamo Wafaransa walionunua watu wetu kwa ajili ya mashamba yao ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Ila nawasikia wengi wakizungumzia utandawazi kana kwamba dini za dunia zimekutana juzi, kwa sababu ya ndege na intaneti, ilhali huku pwani zimepakana ukuta kwa ukuta tangu zamani.

Ushahidi ninaouthamini zaidi umo katika lugha yetu. Mkristo anayesali kanisani, akiungama dhambi na kuomba baraka mbele ya msalaba, anatumia maneno yaliyotoka katika Kiarabu, naye Mwislamu anamtaja Mola wake kwa neno Mungu, ambalo ni la Kibantu na lilikuwapo kabla dini zote mbili hazijafika kwetu. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na padri wa Kianglikana, Godfrey Dale. Mwaka 1953 ikatoka ya Waahmadiya, jumuiya iliyoanzia India na inayojiita ya Kiislamu ingawa Waislamu wengi hawaikubali, na mwaka 1969 ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye hakukubaliana na waliomtangulia na aliwajibu waziwazi katika maelezo yake. Nayapenda mabishano hayo kuliko hotuba nyingi za umoja, kwa sababu kila mmoja alilazimika kumsoma mwenzake kwa makini, tena katika lugha ambayo msomaji wa kawaida angeweza kuwapima wote.

Nilipokuwa mtoto Tanga, jirani yetu Mkristo alikuwa akija kila Krismasi kumwambia baba, "Njoo utuchinjie, ili watoto wote wale chungu kimoja." Hakuna sheria iliyomlazimisha. Kwa hiyo niliumia sana mwaka 2013, mzozo kuhusu nani achinje ulipogharimu uhai wa mtu mkoani Geita; jambo ambalo kwetu lilikuwa hisani lilikuwa limegeuzwa kuwa haki ya kugombaniwa. Naamini hisani ya namna ile huhitaji watu wanaojuana, na miji yetu ya leo imejaa watu waliohamia jana, ambao hawajui jirani anakula nini wala anafunga lini.

Ghorofa ninayokaa sasa Dar es Salaam ina mama mmoja wa Kihindu asiyegusa nyama. Mwaka wa kwanza nilimpelekea sahani ya Idi, akaipokea kwa adabu, nami nikatambua baadaye kwamba hakuila. Siku hizi nampikia tambi katika sufuria mpya ambayo haijawahi kutiwa nyama, na kabla sijabisha hodi huwa ameshafungua mlango.