Mdomo wa bibi

Jana usiku umeme ulikatika huku kwetu Chuno, Mtwara mjini, mida ya saa mbili, na mtoto wa dada yangu yuko kwangu likizo hii, anasoma kidato cha pili, akaomba simu awashe tochi aendelee na Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja. Nikamwachia. Nimelala pale mkekani namsikia anafunua kurasa, mara kimya, afu akauliza, "Mama mdogo, hivi kweli watu wazima walikua wanakaa wanatunga wimbo wa kumcheka mtu sura?"

Nikamwambia kweli kabisa.

Mimi kile kitabu cha Shaaban Robert nlikisoma nikiwa na umri kama wake na mpaka leo nikikiona nakumbuka zile kejeli kwanza. Mtoto wa maskini wa Fumba, kwao wafinyanzi, anabeba vyungu kichwani kupeleka kuuza mjini, sauti ikamwinua mpaka 1928 anafika Bombay kurekodi santuri, na bado kuna watu wanamwimbia kwamba alikuja mjini na kaniki, isingekua hiyo sauti angekula nini. Kaniki ilikua nguo ya mtumwa na ya mtu wa shamba, kwahiyo hapo wanamtukana sura, wanamtukana kwao, na nguo juu yake. Siti akawajibu kwa wimbo pia, kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mtoto alilipenda sana hilo jibu, akalisoma kwa sauti mara mbili.

Kwakweli mimi hilo jibu linaniuma zaidi ya kunifurahisha, na sikumwambia. Siti alikua na sauti, waliomcheka usoni bado walikua wanaenda kumsikiliza. Sasa yule ambaye hana sauti ya kuimba, hana chochote cha kuwafidia watu huo uso wake, yeye anajibu na nini?

Nilikua namuwaza bibi yangu, mama yake mama. Na kama vile kaniona, mtoto akamulika ukutani kwenye picha yake akasema, "Na huyu bibi hapa alikua anaumwa jino?"

Maana kwenye ile picha kaziba mdomo na kanga. Ndo picha pekee tuliyonayo. Alipigwa studio hapa mjini na mpiga picha akamwambia mama funika hapo kidogo, itoke vizuri. Mama yangu alikuwepo, anasema bibi hakubisha, alivuta tu upindo wa kanga akakaa.

Bibi alikua Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza 1964 wakavuka na watoto mgongoni, wakaishia kijiji kimoja Newala. Usoni alikua na chale na mdomo wa juu alikua na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha kuvaa mdomoni, ile ndonya yenyewe ya mpingo alishaitoa kabla mimi sijazaliwa lakini tundu halikuziba. Huko Newala wenyeji nao ni Wamakonde, lugha wanaelewana vizuri tu, ila wakamwita Mmawia. Anayejua huku kwetu anajua hilo neno linavyotamkwa, maana yake wewe ni wa porini, mkali, wa kuja. Wakati huohuo wakifika Dar hao hao wanaomwita Mmawia wanaulizwa kama kwao wanakula panya na kama kuna kazi nyingine wanaijua zaidi ya ulinzi wa getini. Hamna aliyekaa akaliunganisha. Na mimi nisijitoe, mwaka juzi nimeenda Lindi vijijini nikaona wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao nikasema neno ambalo hata kuliandika hapa naona aibu, na nimelelewa na mtu aliyeitwa Mmawia maisha yake yote.

Sasa nifike kwenye kilichoninyima usingizi. Nilipofika kidato cha pili, shule ya bweni, mkoa wa mbali, mwalimu wa Kiswahili akatupa kazi ya kuandika wasifu wa mtu unayempenda kuliko wote. Mimi sikufikiria mara mbili, nikamwandika bibi. Nikaandika anavyolima, anavyobangua korosho bila kuivunja hata moja, anavyoniita mke mwenza. Nilipofika kwenye sura kalamu ikasimama. Bweni zima lilikua linajua natoka Mtwara na nlishaulizwa ya panya, nlishaulizwa kama nyumbani tuna uchawi. Nikaandika ana pua ya upanga, macho ya gololi, meno meupe na ngozi laini isiyo na alama. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, nikapigiwa makofi.

Nimelifikiria sana hilo jambo, yale maneno niliyatoa wapi? Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuniambia bibi ni mbaya. Niliyatoa kwenye hadithi. Kwenye hadithi tulizokua tunasoma mwanamke mwema lazima awe na pua ya upanga, na kikongwe mwenye uso wa kutisha, yule ajuza, akitokea tu ukurasa wowote ujue kuna mtu anaenda kurogwa. Sikua na mfano hata mmoja wa mtu mwema mwenye uso kama wa bibi, kwahiyo ili bibi abaki kua mwema kwenye insha ilibidi nimvue uso wake.

Likizo nikaenda nayo Newala. Bibi hajui kusoma, akaniambia hebu nisomee hicho walichokupigia makofi. Tulikua tumekaa nje, ana kikombe cha chai. Nikasoma yote. Kwenye korosho alicheka, kwenye mke mwenza alicheka, nilivyofika kwenye pua ya upanga akatulia, akasikiliza mpaka mwisho afu akasema, "Umeandika vizuri mke mwenzangu. Ila huyo ni nani?"

Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Sikumjibu. Akamalizia chai yake, na hakuniuliza tena siku yoyote mpaka anafariki.

Nilipokua nafanya kazi Dar niliingia siku moja pale Mwenge kwenye vinyago, nikaona lipiko limewekwa juu ya rafu, kile kinyago cha kuvaa kichwani cha ngoma zetu. Chale zake zimetengenezwa kwa nta, mdomo wa juu umetoka na ndonya. Muuzaji anakifuta vumbi taratibu na kitambaa, mgeni mmoja kakipokea kwa mikono miwili kama anapewa mtoto mchanga, na bei aliyotajiwa ilikua zaidi ya mshahara wangu wa mwezi ule. Nilisimama pale nikatetemeka. Ule uso ule, ukiwa wa mti unashikwa hivyo, ukiwa wa bibi yangu ndani ya daladala konda anawakonyeza abiria na watoto wanajificha kwa mama zao.

Kwahiyo jana, gizani, nilimwambia mtoto bibi hakuumwa jino. Nikamsimulia yote, na insha nikamsimulia. Akakaa kimya muda mrefu, afu akasema kama kwenye picha kaziba na kwenye insha niliuficha, basi hakuna mahali popote mdomo wa bibi upo. Akachukua daftari akasema nitajie.

Nikaanza kumtajia. Chale zilikua mistari iliyokunjwa pembe, imepangwa mmoja chini ya mwingine kuanzia kwenye mfupa wa shavu, na nyingine kwenye paji la uso, rangi yake kama bluu iliyokolea kwasababu fundi akishachanja anapaka masizi ya mbarika. Ukipitisha kidole unazisikia, mimi nilikua nalala nazipapasa. Tundu la mdomoni lilikua limesinyaa, kidole changu cha mwisho kilikua kinaenea. Akinywa chai alikua anabana mdomo wa juu kwa vidole viwili isichuruzike, na akisema neno lenye s inatoka na mluzi mdogo, kwahiyo jina la mama yangu akiliita toka shambani tulikua tunausikia mluzi kwanza.

Mtoto anaandika, anafuta, anaandika. Akaniuliza ndonya yenyewe ilikaa wapi hasa, pembeni au katikati. Nikamwambia lete tochi. Nikaweka kidole kwenye mdomo wangu wa juu, hapa chini ya pua, nikamwonyesha.